Usimpeleke Bibi Arusi kwa Sultani

Ukioa, mpeleke mkeo popote. Mpeleke kwa shangazi yake Likasi, mpeleke mtoni, mpeleke hata Kasumbalesa akahesabu malori mpakani. Lakini usimpeleke mahali alipokaa sultani. Sultani akiwa hai anaweza kufilisika, akapinduliwa, akaonekana sokoni akibishana bei ya nyanya sawa na sisi wengine. Sultani aliyekufa miaka mia sita na ushee iliyopita hana kasoro tena. Amebaki na jumba lake, zawadi zake, na kijana mmoja mwenye kofia ya ukindu ambaye kazi yake ni kumsifu mbele ya wake za watu. Na kijana huyo analipwa. Anayemlipa ni wewe.

Nayasema haya nikiwa nimetoka Kilwa Kisiwani, Tanzania, na visigino vyangu bado havijanisamehe.

Kwetu Lubumbashi fungate za namna hiyo hatukuzizoea. Mtu wa komine ya Kenya akioa, magari yanapiga honi kutoka kanisani, picha zinapigwa penye maua, watu wanakula bukari na nyama, wanacheza mpaka majirani wakate tamaa ya kulala. Kesho yake mnasugua masufuria ya kuazima na kuyarudisha kwa wenyewe. Fungate imekwisha. Keshokutwa mwanamume yuko dukani anatafuta pesa za kuwalipa waliomkopesha. Ni desturi nzuri, haina jua wala ngazi.

Ila mke wangu ana dada mkubwa aliyeolewa akapelekwa Zanzibar, akarudi na picha. Picha za Zanzibar zimevuruga nyumba nyingi mjini kwetu kuliko bia. Mimi nilikuwa na safari yangu ya Dar es Salaam kufuata vipuri vya magari, nikaona niue ndege wawili: biashara nifanye, na mke apumzike ufukweni akinisubiri. Kumbe mwenzangu alikuwa amekwisha kuulizia. Akaniambia kusini mwa Dar kuna kisiwa chenye mji wa kale wa mawe, mji ulioandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1981, na zaidi ya yote, dada yake hajafika huko. Hilo la mwisho halikuwa na jibu.

Nyumbani hawakuelewa tunakwenda wapi. Haut-Katanga tuna Kilwa yetu, iliyo kando ya ziwa Moero, na mjomba wangu aliposikia jina hilo akaniagiza samaki wakavu. Mjomba huyu mumweke akilini, tutarudi kwake. Ndiye aliyesimama siku ya arusi, akashika kipaza sauti, akatangaza kwamba yeye kwa moyo wake wote anawapa wageni kasiye ishirini za bia ya Simba. Watu walimpigia makofi mpaka vumbi likapanda. Wanawake wakapiga vigelegele. Jumatatu mwenye depo akaja na karatasi ya deni, na karatasi ilikuwa na jina langu.

Tukapanda basi. Kutoka Lubumbashi mpaka Dar ni karibu kilomita elfu mbili: unatokea Kasumbalesa, unaikatiza Zambia mpaka Nakonde, unaingia Tunduma, halafu unaanza kuihesabu Tanzania, na Tanzania haihesabiki haraka. Njia nzima mnapishana na malori yaliyobeba shaba yetu kwenda bandarini. Kutoka Dar mpaka Kilwa Masoko ni kama kilomita mia tatu nyingine. Mke wangu alilala begani kwangu safari nzima, na kila nilipojaribu kusogea alisema, bila kufumbua macho, kwamba mapenzi ni kuvumiliana.

Kilwa Masoko unaingia ofisini, unalipa kiingilio na kibali, unaandika jina na unakotoka. Nikaandika Kenya. Yule kijana mwongoza wageni akachungulia kitabu, akasema karibuni sana, vipi Nairobi, baridi imepungua? Nikamweleza kwamba Kenya yangu ni komine ya Lubumbashi, ina soko lake, ina uwanja wa Kibassa Maliba, na haijawahi kuwa na simba wala Masai. Akaitikia kwa adabu. Lakini kila tulipokutana na mtu kisiwani alitutambulisha: hawa maarusi, wametoka Kenya.

Halafu akaniamkia. "Shikamoo mzee."

Nani mzee? Nimeoa juzi! Nina suruali mpya! Mke wangu alicheka mpaka akashika mlingoti wa mashua. Nikajibu "Jambo", maana kwetu ndiyo salamu, na kijana akadhani mzee amekwisha kusahau mambo. Mke wangu alimwita "dada". Hesabu mwenyewe: yeye dada, mimi mzee. Wavuvi wote pale gatini walinitazama kuona ni mwanamume gani huyu aliyemtorosha binti wa watu.

Tukavishwa majaketi okozi, tukavuka. Kuvuka si mbali, kisiwa unakiona. Mara tu unaposhuka unaliona Gereza, ngome nyeupe ya mawe iliyo kando ya maji, na hapo kijana akaanza kazi. Akasema Wareno walifika na merikebu za Francisco de Almeida mwaka 1505, wakauteka mji, wakaupora, wakajenga ngome, na mwaka 1512 wakaondoka zao. Ngome tunayoiona sasa sehemu kubwa ni kazi ya Waarabu wa Oman, wa karne ya 19. Mimi nilimwelewa haraka na nikawa tayari kurudi. Mtu amekuja, amechukua, amejenga kidogo, ameondoka, mwingine amekuja juu yake. Mtu wa Katanga anazaliwa akijua hadithi hiyo.

"Twende mzee, ni hapo tu," akasema.

Jihadharini na "hapo tu" ya watu wa pwani. Ni kipimo cha urefu, na kinaanzia kilomita moja.

Chini ya mbuyu mmoja mkubwa alitusimamisha kivulini, akatusimulia mji ulivyoanza. Kulingana na tarikh ya zamani ya Kilwa, alikuja mtu kutoka Shiraz, Ali bin al-Hasan, akakikuta kisiwa kina mwenyewe, mfalme wa huko bara. Akamwomba akinunue. Mfalme akataja bei: nitakuachia kisiwa ukinipa nguo za kukizunguka chote. Na yule mgeni hakubishana. Akatoa nguo, zikatandazwa ufukweni, kisiwa kikazungukwa, kikawa chake.

Nilihisi macho ya mke wangu yakinigeukia polepole.

"Papa, umesikia?"

Nimesikia.

"Ule muntu alizungusha kisiwa muzima na bitenge. Weye ulileta pisi ngapi kwetu?"

Sasa mimi naiweka familia ya mke wangu mbele ya msomaji aniamulie. Karatasi ya mahari niliyoletewa na wakwe ilikuwa na waksi za Hollande za mama mkwe, za shangazi, na za mwanamke mwingine ambaye mpaka leo sijaonyeshwa; suti ya baba mkwe na viatu vya kuifuata; blanketi; mfuko wa chumvi, mfuko wa sukari, dumu la mafuta; mbuzi, ambaye pembeni yake waliandika "mkubwa"; na taa ya kuwasha kwa mafuta, wakati nyumba ile ina umeme siku ambazo umeme upo. Nilivileta vyote. Nilivileta kwa kirikuu la kukodi, nikakaa chini, nikanyamaza, msemaji wangu akanisemea, wakahesabu, wakasema mbuzi si mkubwa.

Pale chini ya mbuyu nikapiga hesabu ya mfanyabiashara. Pisi moja ya kitenge ina yadi 6, yaani haifiki mita tano na nusu. Kilomita moja tu ya ufuko inakula zaidi ya pisi mia na themanini. Kisiwa kina kilomita ngapi kukizunguka, na ghuba zake, na mikoko yake? Hakuna duka Lubumbashi lenye mzigo huo. Hata ungewaamsha Wahindi wote wa mjini usiku.

Nikamwambia kijana: na huyo mfalme, kisiwa kilikuwa chake peke yake? Wavuvi waliokuwa wakikaa hapa waliulizwa? Walipata hata leso moja?

Kijana akatabasamu. Akasema hadithi haiwataji. Tena akasema hadithi haikuishia hapo, mfalme alikuwa na nia ya kurudi awaue wageni na kisiwa akirudishe, maana maji yakipwa watu walivuka kwa miguu. Wageni wakauchimba mkono wa bahari ukawa na kina. Mfalme akaja na jeshi, akakaa ng'ambo akingoja maji yapwe, na maji hayakupwa, akarudi kwao na nguo zake. Kisha akaongeza kwamba wachimbaji wa mambo ya kale wanaona watu walikuwa wakiishi kisiwani tangu kama karne ya 9, wakivua na kufanya biashara, na mji ulikua kwa mikono yao wenyewe, hayo ya Shiraz ni masimulizi ya kujipamba. Mimi niliwapenda sana hao wachimbaji. Lakini mke wangu alikuwa ameshachagua hadithi yake, na wachimbaji hawakuwa na kitenge hata kimoja.

Msikiti Mkuu siwezi kuulalamikia, na hilo nalo linanikera. Ulianzishwa kama karne ya 11, ukapanuliwa karne ya 14 kwa matao na kuba, na moja ya kuba hizo ilikuwa kubwa kuliko zote Afrika Mashariki mpaka karne ya 19. Unaingia kutoka juani, jasho linakukauka, nguzo zinakwenda safu kwa safu, unajikuta unasema kwa sauti ndogo bila kuambiwa. Yote ni matumbawe yaliyochongwa na chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo. Mimi nimejenga na matofali ya udongo wa kichuguu ya kwetu, mvua tatu tu kona zinaanza kula. Nikamwuliza kijana siri ya chokaa. Akasema subira, inaachwa ikae muda mrefu sana kabla ya kutumiwa. Mke wangu akasema, "Minajua muntu moja iko na subira ya kujenga." Sikumwuliza ni nani.

Msikiti mdogo wa kuba ulio karibu ndio ulionitia hasara. Huo ni wa karne ya 15, na waliojenga walipachika darini mabakuli ya kung'aa yaliyoletwa kutoka ng'ambo. Mabakuli! Darini! Watu wa Kilwa walikuwa na vyombo vingi kiasi kwamba kabati lilijaa wakahamia juu. Mke wangu alisimama katikati, shingo nyuma, mdomo wazi. Nikajua kinachopita kichwani mwake. Tuliletewa zawadi za arusi, na Lubumbashi watu wakikosa wazo hununua glasi. Tuna glasi za kunywesha kikosi kizima cha Mazembe na wachezaji wa akiba. Ameanza kuniuliza dari yetu itachukua nini. Nyumba ni ya kupanga. Dari ni bati.

Nikadhani baya limepita. Kijana akakaa juu ya jiwe, akavua kofia, akasema sasa niwaambieni habari za Abul Mawahib.

Jina maana yake ni baba wa zawadi. Nilipolisikia tu nikaanza kutazama ilipo mashua.

Huyu ni sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 14, wakati dhahabu ya Sofala ikipitia Kilwa na mji umeshiba. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akamkuta, akaandika habari zake. Siku moja ya Ijumaa sultani anatoka msikitini kwenda kwake, akasimamishwa na fakiri kutoka Yemen. Fakiri akasema nataka hizo nguo ulizovaa. Hakuomba sarafu wala wali. Nguo za mwilini! Sultani akasema nitakupa. Fakiri akasema sasa hivi. Sultani akarudi ndani kwenye chumba cha khatibu, akabadilisha, akamwita fakiri akazichukue. Fakiri akazifunga kichwani akaenda zake.

"Sasa hivi," mke wangu akarudia taratibu, anayaonja maneno. "Alisema sasa hivi, na akapewa sasa hivi."

Nimeoa mwanamke niliyemwahidi friji. Friji itakuja. Lakini nawaulizeni, katika dunia nzima yenye masultani wabahili, wagomvi, wanaolala mchana, kwa nini kijana huyu alimchagua huyu? Mbona nduguye Daud alikuja kutawala baada yake, na huyo ndiye mwanamume wa kuigwa na wote wenye madeni? Kwa maelezo ya Ibn Battuta, ombaomba akimjia Daud huambiwa aliyekuwa akitoa amekufa, na hakuacha kitu. Watu walikaa mlangoni kwake miezi, wakachoka, wakaacha kuja. Nilimwomba kijana atusimulie zaidi habari za Daud. Akasema Daud hana mengi.

Lakini ile habari ya nguo ina mkia, na mkia huo ndio ulioniokoa. Mtoto wa sultani alipoona fakiri anakwenda na nguo za baba, alizirudisha, akampa fakiri badala yake watumwa kumi. Watu wakamsifu sultani, naye aliposikia anasifiwa akaamuru fakiri aongezwe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Mke wangu aliacha kucheka.

"Bantu kumi?"

Watu, kijana akasema, na safari hii hakutabasamu. Akasema ni sultani huyo huyo aliyekuwa akifanya vita na kuwavamia watu wa bara, na katika nyara akitenga fungu moja katika matano kwa ajili ya sadaka, masharifu wakija kutoka Hijaz na Iraq wanagawiwa humo. Bara ni sisi. Si siku zile labda, lakini baadaye mistari ya watu iliendelea kushuka mpaka pwani hii, na karne ya 19 Kilwa Kivinje, juu kidogo tu ya hapa, ilikuwa bandari kubwa ya biashara hiyo. Kwetu Katanga mfalme M'siri alikaa Bunkeya akiuza pembe, shaba na watu, akipokea bunduki na vitambaa kwa misafara ya pwani, mpaka alipouawa Desemba 1891. Kiswahili hiki ninachogombana nacho na mke wangu kilianza kutufikia kwa njia hiyo, kabla ya migodi kukieneza. Tulikaa kimya kidogo wote watatu. Mbuzi akapita.

Ndipo nikamkumbuka mjomba.

Nikasimama. Nikasema, mama, sikiliza. Huyo baba wa zawadi alitoa nini kilicho chake? Nguo? Nguo zilirudi nyumbani. Alichotoa ni pembe za tembo wa watu na watoto wa watu, na makofi akapigiwa yeye. Ni kasiye ishirini za Simba! Ni mjomba kabisa! Na mfalme aliyeuza kisiwa na wavuvi ndani yake, ni mjomba. Na Mreno mwaka 1505, ni mjomba aliyekuja na merikebu. Ukarimu mkubwa katika dunia hii, chunguza, utakuta karatasi ya deni ina jina la mwingine.

Ilikuwa hotuba nzuri. Hata kijana alisema mzee umesema. Mke wangu alinitazama kwa muda, nikaona ninashinda. Halafu akasema, "Sawa. Na friji?"

Kabla hatujaondoka pale kijana alitoa simu akatuonyesha picha ya sarafu za Kilwa. Ni sarafu ndogo, nyembamba, zenye majina ya masultani. Moja ya al-Hasan ilichimbuliwa Zimbabwe Kuu huko kusini, na nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya kaskazini mwa Australia. Nikauliza zilitengenezwa kwa nini. Akasema nyingi ni shaba. Basi hapo mtu wa Katanga hawezi kunyamaza. Nikamweleza kwamba wazee wetu walikuwa na pesa ya shaba iliyosubuliwa kwa umbo la msalaba, wakanunua nayo, wakaoa nayo, na misalaba hiyo iliwekwa hata kwenye bendera ya Katanga ya 1960. Leo shaba inapita barabarani usiku na mchana kwenda bahari hii hii, na sisi Lubumbashi tumebaki na kile kilima cheusi cha uchafu wake na bomba la moshi la kupigia picha za arusi. Kijana akasikitika kwa adabu. Mke wangu akauliza, enzi hizo mwanamke mmoja alikuwa misalaba mingapi.

Jua lilikuwa limesimama katikati. Nikasema tumeona, tumejifunza, tukale samaki.

"Bado Husuni Kubwa, mzee. Hapo tu."

Viatu vyangu ni vya ncha, vya ngozi, vya arusi. Havikushonwa kwa njia ya mchanga, mizizi na vipande vya matumbawe. Tulipita mashamba, tukapita mikoko, tukapita watoto waliotuamkia (mimi shikamoo, yeye mambo), na kijana, kwa kutuburudisha, akaanza kutueleza desturi za arusi za pwani. Akasema kwao zamani fungate yenyewe ni siku saba, bwana arusi na bibi arusi wanakaa ndani tu. Hawatoki. Wanaletewa vyakula vizuri vizuri, wanapumzika.

Nilisimama katikati ya njia. Ndani? Wanaletewa? Na wewe unalijua hilo, umezaliwa nalo, halafu unanizungusha na viatu hivi kwenye jua la adhuhuri kama fundi anayetafutwa na mwenye nyumba? Akacheka, akasema mzee hiyo ni kwa wenyeji, wageni wanapenda magofu.

Husuni Kubwa iko juu ya mwamba, bahari chini yake. Jumba lilijengwa na huyo huyo baba wa zawadi. Vyumba karibu mia moja. Ua wa kupokelea wageni, ua wa biashara wenye maghala, ngazi za kukalia, na bwawa la kuogea lenye pembe nane, lililochongwa vizuri mpaka leo ungeweza kulijaza maji ukaingia. Mke wangu aliingia bila maji. Alikaa kwenye ukingo wa bwawa la sultani, akanyoosha miguu, akaniambia nipige picha, na nipige tena, maana mkono wangu ulikuwa unatikisa simu. Dada yake wa Zanzibar alipokea picha ile saa hiyo hiyo. Hakujibu mpaka jioni, na mke wangu anasema kule kutojibu ndiko kulikokuwa na ladha ya fungate yote.

Mimi nilikaa kivulini nikingoja kusikia sultani huyo alikunywa nini katika vikombe vya dhahabu. Kijana akasema jambo ambalo lilinifanya nivue kofia. Akasema bwana Neville Chittick, aliyeuchimba mji huu miaka ya 1960, aliona kwamba jumba hili halikumalizika. Sehemu zake nyingi zilianzwa zikaachwa.

Rudia, nikamwambia.

Halikumalizika, mzee.

Ndugu msomaji, mimi nina kiwanja komine ya Annexe. Kuta zimefika usawa wa dirisha. Zimefika hapo kwa muda. Majani yameota sebuleni, na kuna mtu analima mihogo katika kile kitakachokuwa chumba cha wageni. Baba mkwe kila akiniona huniuliza habari za "magofu yako". Na leo, baada ya kutembezwa kisiwa kizima nikipimwa na marehemu, nakuta kwamba sultani wa Kilwa, mwenye dhahabu ya Sofala, mwenye sarafu zenye jina lake, alianza nyumba akashindwa! Nikamwambia mke wangu, unaona? Hata huyu! Ujenzi ni ujenzi!

Akatazama bwawa, akatazama bahari, akatazama zile kuta.

"Alishindwa, ndiyo," akasema. "Lakini choo na bafu alianza nayo. Weye ulianza na gereji."

Tulirudi kwa mashua. Kule Masoko kijana alitusindikiza mpaka barabarani, akasimama. Hakuomba. Hawa vijana hawaombi, wanasimama tu na kukutakia ndoa njema, watoto wa kike na wa kiume, maisha marefu, mpaka mkono wako wenyewe uone aibu. Nilimkumbuka Daud, Mungu amrehemu, na jibu lake. Nikatoa noti moja ya heshima ya kutosha, nikampa. Akashukuru vizuri.

Mke wangu akaitazama noti ile. Akanitazama mimi. Kisha akatia mkono katika mfuko wa koti langu, akatoa noti mbili kubwa zaidi, akampa kijana kwa mikono yote miwili na kupiga goti kidogo. Kijana akaziweka kifuani, macho yakamng'aa, akasema dada, Mwenyezi Mungu akuzidishie, wewe ndiye Abul Mawahib wa leo.

Watu waliokuwa pale kituoni walimpongeza sana. Mimi nilihesabu kilichobaki, nikaenda kutafuta basi.